Tovuti inafunguka kwenye simu na kwa mdogo wangu, ila kwenye kompyuta yangu inagoma

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mhasibu ninayefanyia kazi nyumbani, na sehemu kubwa ya kazi yangu hupitia kwenye tovuti ya mteja mmoja, ambako hupakia hesabu za kila mwezi na kupakua stakabadhi. Tangu wiki iliyopita tovuti hiyo haifunguki kabisa kwenye kompyuta yangu. Kivinjari hakisubiri hata sekunde mbili. Kinaniletea ukurasa mweupe unaosema kwamba tovuti haiwezi kufikiwa na kwamba imekataa kuunganishwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa ERR_CONNECTION_REFUSED.

Kinachonishangaza ni kwamba tovuti nyingine zote zinafunguka vizuri: barua pepe, benki, magazeti, hata video. Tovuti hiyohiyo inafunguka kwenye simu yangu na kwenye kompyuta mpakato ya mdogo wangu, na sote tunatumia Wi-Fi moja. Nilimpigia mteja akanihakikishia kwamba kwa upande wao mambo ni shwari na watu wengine wanaingia kama kawaida. Aliongeza tu kwamba mwanzoni mwa mwezi walihamishia tovuti kwenye seva mpya, na wiki iliyopita wakaizima ile ya zamani.

Nimejaribu Chrome, Firefox na Edge, nikafuta historia na vidakuzi, nikaizima antivairasi kwa muda, nikawasha upya kompyuta na ruta. Hakuna kilichobadilika. Kompyuta yenyewe inatumia Windows 11 na haina hitilafu nyingine yoyote. Niliachiwa na kaka yangu, ambaye ni mtengenezaji wa tovuti na ndiye aliyenikutanisha na mteja huyu baada ya yeye kuwatengenezea tovuti yao.

Fundi niliyemwonyesha amesema Windows imeharibika na dawa yake ni kuipiga upya. Naogopa, kwa sababu programu yangu ya uhasibu ina leseni iliyofungwa kwenye kompyuta hii na kuirejesha ni kazi kubwa. Je, hakuna njia nyingine?

Wako,
Dada Mhasibu

JIBU

Dada Mhasibu,

Usikubali kompyuta yako ipigwe Windows upya kabla hujafungua faili moja dogo nitakalokuelekeza hapa chini. Barua yako imebeba karibu jibu lote, na kwa hiyo, kabla ya kukupa amri za kuandika, nitaeleza barua yenyewe inasema nini, kwa sababu msomaji mwingine ambaye tovuti inamgomea kwa ujumbe tofauti na wako atalazimika kupita njia nyingine.

Umeshawaondoa washukiwa wengi bila kujua. Kwa kuwa kompyuta ya mdogo wako inaifungua tovuti kupitia Wi-Fi ileile, basi ruta yenu, mtoa huduma wenu wa intaneti na seva ya mteja hawana kesi ya kujibu. (Ushahidi wa simu peke yake nisingeuamini sana, maana simu nyingi huhamia kwenye data ya laini bila kumwarifu mwenyewe, na mtu akadhani anajaribu Wi-Fi kumbe anatumia bando.) Kwa kuwa tovuti nyingine zote zinafunguka, kifaa cha mtandao kilichomo ndani ya kompyuta ni kizima, na saa ya kompyuta nayo haina kosa, kwani saa iliyopotoka hufanya karibu kila tovuti yenye alama ya kufuli ilalamikie cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha utambulisho wa tovuti. Na kwa kuwa vivinjari vitatu vimeshindwa kwa namna moja, hakuna haja ya kuendelea kufuta vidakuzi, kusafisha akiba ya kurasa au kuchunguza viendelezi, kwa sababu kila kivinjari hutunza vitu hivyo kivyake. Kilichobaki ni kitu ambacho vivinjari vyote vitatu hukitegemea kwa pamoja, nacho kimo ndani ya mfumo wa uendeshaji.

Sasa tuutazame ujumbe wenyewe, ambao watu wengi huufunga bila kuusoma. Kukataliwa ni jibu. Maana yake ni kwamba kompyuta yako ililipata jina la tovuti, ikaligeuza kuwa anwani ya namba, ikabisha kwenye anwani hiyo, na mashine iliyopo hapo ikajibu mara moja kwamba hakuna huduma ya tovuti inayotolewa. Kama jina lingekuwa halikupatikana, ujumbe ungekuwa wa DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba), kwa kawaida ule unaoishia na NXDOMAIN. Kama mashine ya upande wa pili isingejibu chochote, kivinjari kingesubiri kwa muda mrefu kisha kikasema kwamba muda umekwisha. Kwako hakuna kusubiri, kwa hiyo kuna mashine inayokujibu, na swali linabaki moja tu: je, ni mashine iliyo sahihi?

Mimi nadhani siyo. Mteja wako amehama, na kompyuta yako inafanya kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama. Seva ya zamani ilipokuwa bado inafanya kazi ulikuwa unaingia humo bila kujua kwamba wenzako wameshapelekwa kwenye mpya. Ilipozimwa wiki iliyopita, ndipo ulipoanza kukataliwa. Huenda anwani hiyo sasa ina mashine nyingine isiyohusika nawe, au mashine ileile ikiwa imeondolewa huduma ya tovuti. Kwa vyovyote vile, kinachopaswa kutafutwa ni mahali ambapo kompyuta yako imeandikiwa anwani ya zamani.

Mahali penyewe, ninavyoamini, ni faili linaloitwa hosts. Kila kompyuta, iwe ya Windows, Mac au Linux, inalo. Historia yake ni ndefu kuliko ya tovuti zenyewe: zamani, mtandao ulipokuwa na mashine chache, majina yote na namba zake yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI kule California, na kila aliyehitaji alinakili nakala yake. Mashine zilipozidi kuongezeka utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa, yaani DNS, ambamo kompyuta huuliza seva maalumu kila inapotaka kujua anwani ya jina fulani. Faili la zamani halikuondolewa. Limebaki ndani ya kila mashine, na hadi leo jina likiwa limeandikwa humo, kompyuta hulichukua kama lilivyo na haiulizi tena popote.

Watengenezaji wa tovuti hulitumia sana faili hilo. Tovuti mpya inapokuwa tayari kwenye seva lakini jina lake bado halijaelekezwa huko kwa ajili ya umma, mtengenezaji huandika kwenye faili la hosts la kompyuta yake mwenyewe kwamba jina hili liende kwenye namba hii, na hivyo huikagua tovuti akiwa peke yake kabla haijazinduliwa. Ni njia nzuri na halali kabisa. Shida ni kwamba tovuti ikizinduliwa kwenye seva hiyohiyo, mstari ule unakubaliana na ukweli, hakuna anayeuona, na unaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu, mpaka siku ambayo tovuti inahama. Kompyuta yako ilikuwa ya kaka yako, naye ndiye aliyeitengeneza tovuti hiyo. Nisingehitaji dalili zaidi ya hiyo kuanzia hapo.

Hata hivyo tusihukumu bila ushahidi, na ushahidi unapatikana kwa amri mbili. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha andika ping, nafasi, na jina la tovuti bila kuweka https mbele yake. Nitatumia jina la mfano: ping www.example.com. Mstari wa kwanza wa jibu utaonyesha jina hilo na pembeni yake, ndani ya mabano ya mraba, namba kama 203.0.113.25. Inakili namba hiyo. Usijali iwapo mistari inayofuata itasema kwamba hakuna majibu, kwa sababu seva nyingi huwekwa makusudi zisijibu ping. Sisi tunataka namba tu.

Kisha andika nslookup www.example.com. Hapa watu hukosea kusoma. Mistari miwili ya mwanzo hutaja seva ya DNS iliyoulizwa, ambayo mara nyingi ni ruta yenu, na siyo tovuti. Jibu lenyewe liko chini yake, baada ya mstari unaosema kwamba jibu halikutoka kwenye chanzo chenye mamlaka, maneno ambayo huwatisha wengi lakini maana yake ni kwamba seva hiyo imepata jibu kutoka kwa nyingine. Tuseme hapo unakuta 198.51.100.7.

Tofauti baina ya namba hizo mbili ndiyo inayotoboa siri, kwa sababu amri ya nslookup huenda moja kwa moja kwenye DNS na hulipita faili la hosts bila kulitazama, ilhali ping huulizia jina kwa njia ileile inayotumiwa na kompyuta nzima, pamoja na vivinjari vyako. DNS ikisema namba moja na ping ikisema nyingine, kuna kitu ndani ya kompyuta kinachoisemea uongo. Na kama namba ya ping ni 127.0.0.1, hiyo ni anwani ya kompyuta yako mwenyewe: imeambiwa ipige hodi mlangoni kwake yenyewe, na kwa kuwa haina huduma ya tovuti, inajikataa. Hilo hufanywa na baadhi ya programu za kuzuia matangazo. Tahadhari moja tu: tovuti kubwa sana huwa na anwani nyingi, na kila anayeuliza anaweza kupewa tofauti, hivyo jaribio hili lisikufanye uishuku kompyuta kwa sababu namba za mtandao wa kijamii hazikufanana. Kwa tovuti ya kampuni moja iliyo kwenye seva moja, namba zinapaswa kulingana.

Tuje kwenye faili lenyewe. Liko ndani ya folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc na jina lake ni hosts, bila nukta wala kiambishi chochote mwishoni. Tafuta Notepad kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Usipofanya hivyo utaruhusiwa kulisoma faili lakini utakataliwa kuhifadhi mabadiliko, au utahifadhi nakala mahali pengine ukadhani umemaliza kazi. Ukiwa ndani ya Notepad, nenda kwenye kufungua faili, ingia kwenye folda hiyo, na usishtuke ukiiona tupu: Notepad huonyesha mafaili yanayoishia na txt peke yake, mpaka ubadilishe chaguo lililo chini kulia liwe la mafaili yote.

Faili la hosts la Windows ambalo halijaguswa huwa na mistari michache ya maelezo, na kila mmoja huanza na alama ya #, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta iupuuze. Mstari wowote usioanza na alama hiyo uliongezwa na mtu au na programu. Mstari unaoutafuta utakuwa na sura hii:

203.0.113.25    www.example.com

Kwanza hifadhi nakala ya faili zima kwenye folda yako ya nyaraka. Baada ya hapo, badala ya kuufuta mstari huo, weka alama ya # mbele yake, hifadhi kwa Ctrl na S, na urudi kwenye dirisha la amri uandike ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu iliyokuwa imeyaweka akilini. Funga vivinjari vyote, fungua kimoja, jaribu tovuti. Ikifunguka, unaweza kuufuta mstari siku nyingine kwa utulivu. Kama Windows itagoma kuhifadhi ingawa umefungua kwa mamlaka ya msimamizi, tazama antivairasi yako, kwani kadhaa hulilinda faili hili, na zina haki ya kulilinda.

Nasema zina haki kwa sababu hapo hapo ndipo matapeli hupenda kuingilia. Wewe ni mhasibu na unafungua benki kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo ukiwa ndani ya faili isome mistari yote, siyo ule mmoja tu. Mistari ya majina ya miradi ya kaka yako haina madhara. Lakini ukikuta jina la benki, la huduma ya malipo au la kampuni ya antivairasi limeelekezwa kwenye namba fulani, usiingie kwenye akaunti yoyote kupitia kompyuta hiyo. Badili nywila zako ukitumia simu, na mpe kompyuta mtu wa kuisafisha kabla ya kuendelea na kazi. Katika hali hiyo, na hiyo peke yake, ningekubaliana na fundi wako.

Kuhusu fundi huyo, sitaki umwone kuwa ni mwongo. Angepiga Windows upya, faili la hosts lingerudi kuwa jipya, tovuti ingefunguka, naye angeondoka akiamini kwa dhati kwamba Windows ilikuwa imeharibika. Wewe ungebaki unahangaika na leseni. Tiba inayofuta kila kitu huponya magonjwa mengi bila mtu kujua lilikuwa gonjwa gani.

Inawezekana lakini kwamba faili utalikuta safi. Hapo rudia nslookup kwenye kompyuta ya mdogo wako na ulinganishe. Yeye akipata namba tofauti na yako, basi kompyuta yako imeandikiwa kwa mkono seva ya DNS ya kwake yenyewe badala ya kuchukua ile inayotolewa na ruta, na seva hiyo ina habari zilizopitwa na wakati. Unaweza kuthibitisha kwa kuuliza seva ya umma moja kwa moja: nslookup www.example.com 8.8.8.8 huuliza ile ya Google iliyopo tangu 2009, na ukiweka 1.1.1.1 unaiuliza ya Cloudflare iliyoanza 2018. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya mtandao na kurudisha DNS iwe ya kujipangia yenyewe. Ikiwa namba zote zinalingana na bado unakataliwa, kagua mipangilio ya proksi (seva ya kati ambayo kompyuta huweza kuambiwa ipitie), kisha orodha ya tovuti zilizozuiwa ndani ya ukuta wa moto (programu inayochuja mawasiliano ya mtandao), kwa kuwa baadhi ya programu za ulinzi huacha vichujio vyao vikifanya kazi hata baada ya mwenyewe kudhani amezizima.

Kwa wasomaji wenye ujumbe mwingine, maneno mawili. Kama ukurasa unaanza kufunguka kisha unakwama mweupe, na kompyuta ina VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri), izime uone. VPN huongeza maelezo yake juu ya kila kifurushi cha data (kipande kidogo ambamo data hugawanywa inaposafiri mtandaoni), na vifurushi vilivyojaa hadi baiti 1500, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha mtandao wa waya, vinaweza kupotea njiani huku vidogo vikipita bila tatizo. Na kama malalamiko ni ya cheti kwenye tovuti moja moja tu, huku tarehe ya kompyuta ikiwa sahihi, angalia umri wa mfumo: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi kilifikia mwisho wake, na mashine za zamani ambazo hazikuwa zimepokea kilichochukua nafasi yake zilianza kuzikataa tovuti ambazo jana yake zilizifungua. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, kwa hiyo kwenye mashine kama hiyo inaweza kufungua kile ambacho Chrome ya zamani, iliyotegemea orodha ya mfumo, imekikataa.

Dada Mhasibu, hakikisha umeiwasha tena ile antivairasi uliyoizima, na muulize kaka yako kama kuna majina mengine ya wateja aliyoyaandika kwenye faili hilo, kwa sababu nao wanaweza kuhama. Ikiwa tovuti bado itakataa, niandikie tena ukiambatanisha mistari mitatu: mstari wa kwanza wa ping, jibu la nslookup kutoka kwenye kompyuta yako, na jibu la nslookup kutoka kwa mdogo wako.